Makoti ya Kuazima ya Kasri la Tausi

Hapo kale, ingawa wenyewe wakiulizwa husema ni juzi tu, palikuwa na nchi yenye furaha nyingi mpaka ikabidi furaha iundiwe wizara. Nchi hiyo iliitwa Jamhuri ya Raha Mstarehe. Wananchi wake walifurahi asubuhi kwa hiari, mchana kwa ratiba, na jioni kwa sababu askari walikuwa wanapita. Wizara yenyewe iliitwa Wizara ya Burudani na Nidhamu, na ndiyo iliyowajengea wananchi bustani ya michezo ambayo pande zile haikuwahi kuonekana: bembea za kuzunguka angani, gurudumu refu kupita minara ya simu, mteremko wa maji ambao mtu huupanda mkavu akashuka amelowa chapachapa anacheka peke yake. Katikati ya yote hayo ukasimama mgahawa wa hadhi ya juu, Kasri la Tausi.

Kasri la Tausi lilijengwa kwa jina la kila mtu, ila halikuwa la kila mtu. Ukutani, kwenye marumaru, zilichongwa Kanuni za Mavazi ya Mlaji. Mwanamume: koti, tai, viatu vinavyoficha vidole. Mwanamke: gauni linalovuka magoti lakini lisifagie sakafu. Kandambili, kaptura, fulana zenye maandishi na kofia za jua zilikatazwa, pamoja na sura ya mtu asiyeridhika.

Wataalamu walioandika kanuni hizo walisahau jambo dogo tu, kwamba mtu akitoka kwenye mteremko wa maji huwa hana koti. Wageni walifika mlangoni wanachuruzika, pochi mkononi, njaa inawauma, na mlango ukawakataa. Ndipo kikaanzishwa Chumba cha Makoti. Asiye na koti na tai aliazimwa, akala, akarudisha. Na kwa kuwa Wizara ilifafanua kuwa kanuni zinahusu kilicho juu ya meza, ungemkuta bwana amekaa kwa heshima zake zote, anachambua samaki kwa kisu maalumu, huku chini ya meza magoti yake matupu yanadondosha maji kwenye zulia la kutoka ng'ambo.

Mtunza makoti alikuwa Siwema, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye mkono mwepesi wa sindano. Kazi hiyo aliipata kama fidia. Inabidi tueleze fidia ya nini, na tutaeleza kwa adabu, maana Serikali haikukosea.

*

Pale ilipo bustani palikuwa na mtaa wa Mikoroshini. Watu wake walipoambiwa wahame walijibu kwamba wana makaburi ya wazee wao pale, wana visima, na hawajaambiwa waende wapi. Serikali, ambayo ni sikivu, ikasikia. Gari la matangazo likapita likisema kwamba Rais mwenyewe amekubali kuonana na wajumbe, wanaume wote wenye familia, na kwamba mavazi ya siku hiyo ni koti.

Hilo la koti ndilo lililowaponza. Watu wa Mikoroshini walikuwa na imani moja ambayo hakuna aliyewafundisha: waliamini kuwa mnyonge hasikilizwi kwa sababu ya alivyovaa, na kwamba akivaa vizuri atasikilizwa. Mtaa mzima ukavamia mitumba. Wasio na uwezo wakaazima kwa mashemeji. Kondo, mume wa Siwema, fundi baiskeli, alipata koti la kahawia lenye miraba, zuri, ila bitana imechanika. Siwema akakata pazia la chumbani, lenye maua ya kijani, akamshonea bitana mpya, dirisha likabaki wazi kwa majirani.

"Umekaa kama karani," alimwambia.

"Leo Rais ataniita bwana," Kondo akajibu, akikohoa kidogo kabla ya kusema, kama ilivyokuwa desturi yake. "Wewe ngoja uone, Siwe."

Wakapanda malori. Walisafiri wamesimama, ili makoti yasikunjike.

Hawakurudi. Wanawake walipouliza wakaambiwa wajumbe wako kwenye ziara ya mafunzo. Walipouliza ziara ya wapi, wakaambiwa hiyo ni siri ya mafunzo. Na Bunge, kwa kuwajali, likapitisha sheria kwamba kumwita marehemu mtu aliye ziarani ni uchochezi. Kwa hiyo Mikoroshini, ambayo sasa ilikuwa mabanda ya bati nyuma ya ukuta wa bustani, haikufiwa na mtu. Hapakutandikwa jamvi, hapakuwa na matanga wala khitma. Siwema hakuwa mjane, maana mume hajafa, na hakuwa mke, maana mume hayupo. Na eda haikaliwi kwa kudhania.

Mama mkwe wake, Bi Tatu, alikuwa bado anampakulia mwanawe chakula kila siku.

"Siwema mwanangu," alimwambia siku moja, "mie nataka kumlia Kondo. Nataka mtu mmoja tu, mkubwa, aseme kwa kinywa chake kwamba amekufa, nimlie, nipumue. Nimechoka kumpakulia."

"Nani atasema, mama?"

"Wewe si uko huko kwa wakubwa? Tega sikio."

*

Makoti ya mwanzo ya Kasri la Tausi yalikuwa mapya, na yote yaliondoka na wageni. Waheshimiwa ndio walioongoza kusahau kuyarudisha. Fungu likaisha. Wizara ikakuna kichwa, mpaka afisa mmoja mwangalifu wa maghala akatoa taarifa kuwa katika ghala fulani la Serikali kuna makoti mengi, mazima, yamelala tu, kinyume na waraka wa kubana matumizi. Hakuuliza yametoka wapi, kwani hilo halikuwa katika majukumu yake. Alipewa cheti cha uzalendo, makoti yakapelekwa kwa dobi, kisha yakaletwa kwa Siwema ndani ya magunia.

Alifungua gunia la kwanza akatoa koti la kijivu. Alilijua. La seremala Mtoro. La pili alilijua pia, lilikuwa la muuza kahawa wa pale kona. Akazidi kutoa, moja baada ya jingine, mpaka akashika la miraba, akaligeuza, na maua ya kijani yakamtazama.

Aliketi sakafuni. Aliliweka usoni akalinusa; juu lilinuka sabuni ya dobi, chini yake lilinuka udongo. Tuseme kweli, saa ile ile alijua. Lakini kujua moyoni si tangazo, na Jamhuri ya Raha Mstarehe haikutambua habari zinazopitia puani.

Akafuta machozi, akayatundika makoti yote, akafungua dirisha la kuazimia.

*

Wa kwanza kubadilika alikuwa meneja wa benki. Alikuwa katikati ya supu, amevaa koti la Mtoro, anamsimulia mkewe habari za riba, ghafla akaweka kijiko chini. Akanyoosha mikono ya koti. Akakaa wima, viganja juu ya magoti, macho mlangoni.

"Bado hajafika?" akamuuliza mhudumu.

"Nani, bosi?"

"Rais. Tumeambiwa tusubiri."

Haikupita wiki ugonjwa ukaenea. Ukiingia Kasri la Tausi saa ya chakula, uliwakuta wote waliovaa makoti ya kuazima wamegeuza viti kuelekea mlangoni, wametulia kama watu kwenye benchi la ofisi ya Serikali, sahani zimepoa, na wake zao wanawavuta mikono kwa aibu. Hawakufanya fujo. Kila mlango ulipofunguliwa walisimama nusu, wakaona ni mhudumu tu, wakaketi tena taratibu. Watoto waliokuja kusherehekea siku za kuzaliwa walianza kulia bila kujua kinachowaliza. Wahudumu wenyewe, ambao wote walikuwa wanawake wa Mikoroshini, walipita katikati ya meza hizo kwa ncha za vidole, na kila mmoja alijua anapita karibu na nani.

Mkuu wa mgahawa, Bwana Stambuli, akapeleka taarifa Wizarani. Ikaundwa Tume. Tume ikala pale kwa muda mrefu, ikiwa imevaa makoti yake yenyewe, na ikatoa matokeo kwamba makoti hayana tatizo lolote isipokuwa unyevunyevu wa kihistoria. Ikapendekeza kanuni ya nyongeza: Koti la kuazima halitazungumza mambo yasiyohusu chakula. Na ili makoti yasije yakasingizia kutojua sheria, afisa wa maadili alitumwa kuyasomea kanuni hiyo kila asubuhi yakiwa yametundikwa.

Siku ya kwanza alisoma kwa sauti nzito, mbele ya Siwema, mpaka mwisho. Alipokunja karatasi yake, kule nyuma kabisa, mkono mmoja wa koti ukanyanyuka polepole juu, kama mtu anayeomba kuuliza swali.

Afisa akasema maswali yatajibiwa kwa maandishi, akatoka mbio.

*

Koti la miraba Siwema alikuwa amelificha nyuma ya mengine. Ila siku moja ya msongamano mengine yote yaliazimwa, na mbele yake akasimama wakala wa saruji, mnene wa mabega, anagonga kaunta. Akamvalisha. Yule bwana akafunga kifungo, akakohoa kidogo, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Siwe, umetundika nini dirishani? Watu watatuchungulia."

Siwema alishika kaunta kwa mikono miwili.

"Kondo? Uko wapi?"

"Tupo hapa, tunasubiri. Wametupanga mistari. Kuna jua kidogo, lakini wamesema Rais yu njiani."

"Mmekula?"

"Hatujala. Tutakulaje kabla ya mgeni hajafika, we' mwanamke?"

Hapo ndipo moyo wake ulipovunjika sawasawa. Hawakuwa wanajua. Walikuwa bado wamesimama pale walipowekwa, na makoti yao, wanamngoja mtu mmoja aje awasikilize. Neno lilimfika Siwema kwenye ulimi: Kondo, mmekufa, pumzikeni. Akalimeza, maana aliogopa kuwa mtu akishaambiwa hivyo huondoka. Akasema tu, "Nitatundika khanga."

Wakala wa saruji alipovuliwa koti baada ya chakula hakukumbuka lolote. Alilalamika tu kwamba wali wa siku hiyo ulikuwa na mchanga.

Kuanzia siku ile Siwema akawa mtu mwingine. Alikuja kazini mapema, amejifukiza udi, amepaka wanja. Akitokea mgeni mwenye mabega kama ya Kondo, hata kama amekuja na suti yake ya bei mbaya, Siwema alitikisa kichwa kwa masikitiko na kumwambia kola yake imekiuka kanuni. Mgeni hubishana na kanuni asiyoijua? Alivuliwa lake akavishwa la miraba, naye Siwema akamsogelea kama anamweka sawa tai, wakazungumza. Walizungumza habari ndogo ndogo: baiskeli ya jirani isiyoshika breki, kisima, bei ya mafuta ya taa. Kila mara Kondo aliuliza, "Hivi Rais hujamsikia huko? Amefika wapi?" Na kila mara Siwema alimjibu, "Nasikia yuko karibu."

Bi Tatu si mtoto. Alimtazama mkwewe na wanja wake.

"Umesikia nini huko?"

"Sijasikia kitu, mama."

Ulikuwa uongo. Kule mama anapakua chakula cha mtu asiyekuja, huku mtu mwenyewe anachomwa na jua lisilotua, naye katikati amewafungia wote wawili ili apate kusikia kikohozi. Alijichukia. Kesho yake akapaka wanja tena.

*

Uvumi ukavuka ukuta. Watu wakaanza kula nyumbani kwao, jambo ambalo ni pigo kwa uchumi. Waziri wa Burudani na Nidhamu, Mheshimiwa Mfaume Chamgeni, hakuwa mtu wa kushindwa na nguo. Akatangaza kuwa katika dhifa ya mchana ya kuadhimisha bustani, Baraza zima la Mawaziri litakula likiwa limevaa makoti yale yale ya kuazima, mbele ya Mheshimiwa Rais.

"Ndugu wananchi," alisema redioni, "koti ni kitambaa, na kitambaa hakina itikadi. Anayedai koti linaongea, atuletee koti lenyewe na kitambulisho chake. Sisi viongozi wenu tutayavaa makoti hayo vifuani petu, kwa ujasiri, kama tulivyobeba mizigo yenu mingine yote."

Siku ikafika, jua kali, bendera kila nguzo. Mawaziri wakapanga foleni dirishani. Siwema akawavalisha mmoja mmoja. Angeweza kulificha lile moja. Alikuwa na nafasi, alikuwa na gunia tupu pale miguuni. Lakini alikuwa hajamsikia Kondo tangu wageni walipopungua. Mheshimiwa Chamgeni aliponyoosha kidole akasema, "Nipe hilo la miraba, lina mvuto wa kizalendo," akampa.

Ndani ya ukumbi mawaziri waliketi. Mmoja baada ya mwingine wakanyoosha mikono ya makoti, wakaweka viganja magotini, wakageukia mlango. Bwana Stambuli jasho lilimtoka. Aliwaomba wapiga tarumbeta wapige kwa nguvu zaidi.

Na safari hii mlango ulipofunguliwa, aliyeingia alikuwa Rais.

Alikuwa na kipaza sauti kidogo kifuani, maana hotuba yake ya furaha ilitakiwa isikike redioni na kwenye spika zote za bustani. Alinyanyua mkono kupokea makofi. Hapakuwa na makofi. Baraza zima lilisimama kwa pamoja, wima, na Waziri wa Fedha akapiga hatua moja mbele. Sauti ilikuwa ya Mtoro seremala.

"Mheshimiwa Rais, ahsante kwa kuja. Tumekungoja sana. Hatukatai maendeleo, baba. Tuna makaburi ya wazee wetu, tuna visima vyetu, tunaomba tu tuambiwe tutakwenda wapi."

"Waziri, umelewa?" Rais akanong'ona, na spika zikanong'ona naye mpaka kwenye bembea.

"Tumevaa kama mlivyotuagiza," akasema Waziri wa Ulinzi kwa sauti ya muuza kahawa. "Tazama. Kila mtu ana koti."

Rais akatazama. Akalitazama la kijivu, akalitazama la miraba, akayatazama yote safu kwa safu, na tukubali kwamba ana kumbukumbu nzuri, kwani rangi ilimtoka usoni. Akarudi nyuma akagonga mlango.

"Ninyi!" akapiga kelele. "Ninyi si tuliwafukia? Si mlifukiwa hapo chini ya gurudumu, nikaletewa taarifa na picha zenu kwamba wote mmekufa? Mnataka nini tena?"

Kauli hiyo ilipita kwenye spika za mteremko wa maji, ikapita kwenye treni ya watoto, ikapanda mpaka juu ya gurudumu, ambako watu walikuwa wamekaa kwenye vibehewa vyao wakila bisi. Wakatazama chini. Ndani ya ukumbi wanawake wa Mikoroshini waliweka sinia zao sakafuni.

Mheshimiwa Chamgeni akageuka, akamtafuta mtu kwa macho, akamwona mlangoni mwa Chumba cha Makoti. Akakohoa kidogo.

"Siwe. Anasema kweli?"

"Kweli, Kondo."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua tangu siku niliyofungua gunia."

"Mbona hukuniambia? Tumesimama juani muda wote huu, mke wangu."

Siwema alitaka kutafuta sababu. Hakuipata isipokuwa ile ile.

"Nilitaka nikusikie," akasema. "Nisamehe. Nilitaka tu kukusikia."

Kondo hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyeambiwa ofisi imefungwa, anayepiga hesabu ya njia ndefu ya kurudi.

"Basi nivue," akasema.

Siwema akavuka ukumbi. Walinzi walimwona na hakuna aliyemgusa. Walikuwa hawana amri inayohusu jambo kama lile. Akafungua kifungo, akalivua koti bega moja, kisha la pili, taratibu, kama anavyovuliwa mtu aliyechoka. Nyuma yake wanawake wengine wakaenda kila mmoja kwa wake. Baraza la Mawaziri likabaki na mashati, linatetemeka, linaulizana kama supu imeshaletwa.

*

Redio ya Taifa ilieleza kuwa mitambo ilipata hitilafu na kwamba Rais hakusema alichosema. Wizara ikafuta makoti katika Kanuni za Mavazi ya Mlaji, ikaruhusu kandambili. Hakuna aliyekuja kula.

Mikoroshini hawakuwa na muda wa kusikiliza redio. Siku ile ile, baada ya Siwema kumweleza Bi Tatu yote, bila kujificha, pamoja na ule uongo wake, mama yule aliuliza jambo moja tu: "Rais, kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake, mama."

Yowe alilopiga Bi Tatu lilifungua milango ya mabanda yote, na kutoka kila banda likatoka jingine. Majamvi yakatandikwa kutoka ukuta hadi ukuta. Siwema akafuta wanja, akafungua nywele, akavaa nguo nyeupe isiyo na pambo, akaingia chumbani kukaa eda.

Siku ya pili Serikali ilimtuma askari na agizo: msiba usio na kibali uvunjwe, na wanaoomboleza wavae nguo za kawaida. Siwema alisikia buti zikija juu ya changarawe, zikakatiza uani, zikasimama nje ya mlango wake, upande wa pili wa pazia. Alingoja asomewe agizo. Alisikia karatasi ikikunjuliwa, na kwa muda mrefu hakusikia kitu kingine. Kisha akasikia mtu anainama, anafungua kamba za viatu, kimoja, halafu cha pili, kama afanyavyo kila aliyelelewa vizuri anapofika penye matanga.

"Poleni kwa msiba," ikasema sauti ya kiume nje ya pazia.

Hakuna mtu wa Serikali aliyewahi kumwambia neno hilo. Siwema alifungua mdomo ajibu kama wajibuvyo watu, kwamba tumeshapoa, na badala ya jibu kikatoka kilio. Ndipo alipomlia mumewe, kwa nguvu, mbele ya wote wanaosikia, mpaka Bi Tatu akaingia kumshika.